Majina ya Nguo kama Kumbukumbu za Historia: Merikani, Kaniki na Kanga

Historia ya pwani ya Afrika Mashariki imezoeleka kutafutwa katika nyaraka za mabalozi na magofu ya miji. Hata hivyo, msamiati wa nguo nao ni ghala la ushahidi. Neno pamba lina asili ya Kiajemi, hariri ni la Kiarabu, na leso limetokana na neno la Kireno. Ifahamike, lakini, kwamba asili ya neno si lazima iwe asili ya ufundi: vigae vya kusokotea uzi vilivyofukuliwa Kilwa vinathibitisha kuwa wenyeji walisokota pamba karne kadhaa kabla ya Wareno kufika.

Mfano ulio wazi zaidi ni merikani, kitambaa kizito cha pamba kisichotiwa rangi wala kung'arishwa. Kilifumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja na merikebu za Salem, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Seyyid Said. Katika njia za misafara ya bara, merikani ilikuwa bidhaa na fedha kwa pamoja. Ilipimwa kwa shuka ya mikono 4 na doti ya mikono 8, ikatumika kulipia wapagazi, chakula na hongo za watawala. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861–1865 vilipovuruga biashara hiyo, viwanda vya Uingereza na Bombay viliziba pengo. Kitambaa kilibadili chimbuko, jina likabaki. Hivyo basi, jina la nchi liligeuka kuwa jina la aina ya kitambaa.

Kaniki, nguo iliyotiwa nili nchini India, inafichua upande mwingine, yaani tabaka. Katika Unguja ya karne ya 19, merikani na kaniki zilikuwa mavazi ya watumwa na mafukara, kiasi kwamba nguo ilitangaza hali ya mvaaji kabla hajatamka neno. Baada ya hadhi ya kisheria ya utumwa kufutwa mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliiacha kaniki, wakajitanda kanga. Kanga yenyewe ilikuwa ingali mpya. Inasimuliwa kuwa ilianzia kwenye leso zilizoshonwa pamoja, na kwamba jina lake lilitokana na madoa yaliyofanana na ya ndege kanga. Baadaye iliongezewa maandishi, kwanza kwa hati za Kiarabu, kisha za Kirumi. Maandishi hayo huitwa jina. Nayo kanga, tofauti na kitenge, hukamilika kwa pindo, mji na jina.

Kwa mwanaleksikografia, fundisho lake si dogo. Leo doti ni jozi ya kanga, na msomaji asiyejua historia ya neno hilo atadhani mpagazi wa mwaka 1860 alilipwa kanga, vazi ambalo lilikuwa bado halijazaliwa. Kamusi inayotaja malighafi pekee, bila kueleza nguo ilivaliwa na nani na wakati gani, humpa msomaji uzi, ikamnyima nguo.