Kijiti cha Siwaki na Miwa ya Kiliba

Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Uvira Aprili 1858, wakiulizia Mto Ruzizi, wafanyabiashara wa Kiarabu na waungwana wa pwani walikuwa wameshazoea kuvuka Ziwa Tanganyika kutoka Ujiji. Baadaye Muhammad bin Khalfan, maarufu kama Rumaliza, alitawala biashara ya kaskazini ya Tanganyika hadi Wabelgiji walipomshinda mwaka 1894. Kwa Waislamu hao, kupiga siwaki kabla ya swala kulikuwa sunna. Watu wa bara nao hawakungoja wageni wawafundishe: vijiti vya kutafuna ni vya kale sehemu nyingi za Afrika.

Siwaki bora hutoka kwenye mti uitwao Salvadora persica. Mwaka 2011 watafiti wa chuo cha Karolinska, Sweden, walionyesha kwamba ukali wa mizizi yake hutokana na benzili isothiosayaneti, dawa ya jamii moja na ile inayoifanya haradali iwashe. Huua haraka bakteria wengi wanaosababisha ugonjwa wa fizi. Lakini Streptococcus mutans, aliyeelezwa na Clarke mwaka 1924, hatikisiki kiasi hicho, na huyo ndiye anayekula sukari na kutoa asidi inayotoboa jino. Kwa hiyo wanaokisifu kijiti kwamba kinazuia meno kuoza wanakipa sifa ya fizi. Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi yake mwaka 1986. Mwaka 2000 ripoti ya kimataifa kuhusu usafi wa kinywa ikataka uchunguzi zaidi.

Na sukari haiko mbali. Ukishuka kutoka Kamanyola kuelekea Uvira unafika Kiliba, ambako kiwanda cha sukari kilijengwa miaka ya 1950, kikasimama vita vya 1996 vilipoingia. Kama kuna mmea unaotuozesha meno, ni muwa.

Ajabu ni kwamba kinga mojawapo iliyopimwa ni ya jamii ya sukari pia. Miaka ya 1970, huko Turku, Finland, waliotumia zailitoli, kitu kitamu kilichotengenezwa kutokana na miti ya kwao, badala ya sukari ya kawaida walipata mashimo machache mno. Mutans huimeza, lakini hawezi kuigeuza kuwa asidi. Makapi ya miwa nayo yana malighafi ya zailitoli.

Hadi kiwanda fulani kiitengeneze hapa, tafuna kijiti chako, mzee wangu, lakini watoto wapigishe mswaki wenye dawa ya floridi kila usiku, na chai yao ipunguzie sukari.