Kalamu Mbili za Nyiragongo

Januari 2002 mlima Nyiragongo ulikuwa na makarani wawili tu. Mmoja alikaa Bulengo, kando ya Ziwa Kivu, magharibi ya Goma; mwingine Katale, upande wa kaskazini, njia ya Rutshuru. Msomaji ameyazoea majina hayo kwa habari za kambi za wakimbizi. Lakini ndiko vilikokuwa vipima-tetemeko viwili vilivyosalia vikifanya kazi baada ya miaka ya vita. Vilikuwa vyombo vya kizamani: kalamu, na karatasi iliyozungushiwa pipa linalogeuka polepole. Ardhi ikitulia, mstari unanyooka. Ikitikisika, kalamu inacheza.

Tarehe 17 Januari asubuhi, ubavu wa kusini wa mlima ulipasuka. Lava ilipita uwanja wa ndege na katikati ya mji hadi ziwani, ikafunika takriban asilimia 13 ya Goma. Watu zaidi ya 100 walikufa, na mamia ya maelfu wakakimbia, wengi wao wakivuka mpaka kuingia Gisenyi.

Moto ulipopoa, wanasayansi walizirudia karatasi. Kavotha, Mavonga na Mukambilwa wa Goma, pamoja na Mfaransa Jacques Durieux, waliisoma upya mistari ya miezi iliyotangulia. Kazi yenyewe ni ya macho na subira. Tetemeko la kawaida la mwamba huanza ghafla na kufifia. Lile la uji wa mawe unaosukumana chini huja kwa mawimbi mapana, ya polepole. Tena kuna mtetemo usiokatika, kama sufuria inayotokota, unaoweza kuijaza karatasi saa kwa saa. Mtetemo huo ulifuata tetemeko la tarehe 7 Oktoba 2001, ukarudi baada ya tetemeko la tarehe 4 Januari 2002. Mlima ulikuwa umesema.

Ulisema kwa nani, na wapi? Hapo ndipo karatasi ilipogoma kusomeka. Kila tetemeko hutoa wimbi la haraka na wimbi la polepole. Hesabu sekunde zinazoyatenganisha, zidisha kwa 8 hivi, utapata umbali kwa kilomita. Ila umbali hauonyeshi upande. Chora duara kuzunguka Bulengo, chora jingine kuzunguka Katale: yatakatana mahali pawili, na huna wa kukuamulia. Shahidi wa tatu hakuwapo. Isitoshe, Nyamulagira, jirani mkorofi wa Nyiragongo, alikuwa amelipuka Februari 2001, kwa hiyo kelele yoyote ingeweza kuwa yake. Dieudonné Wafula, mtaalamu wa volkeno wa Goma, hata hivyo alishuku Nyiragongo na akajaribu kutoa tahadhari kabla ya mlipuko. Hakupata wa kumsikiliza.

Karatasi, walau, haidai mashine. Kanda za sumaku zenye picha za Mwezi zilizopigwa na vyombo vya Marekani vya Lunar Orbiter kuanzia 1966 zilibaki salama huku mitambo ya kuzisoma ikitoweka duniani. Nancy Evans, aliyekuwa mtunzaji wa kanda hizo, aliihifadhi michache nyumbani kwake kwa miaka mingi, na mwaka 2008 ndipo picha ya kwanza ikasomwa upya. Karatasi za Katale zilihitaji rula, meza na mtu anayejua.

Baada ya 2002 vyombo viliongezeka na kalamu zikastaafu. Ishara zilianza kusafiri zenyewe hadi kituo cha uchunguzi wa volkeno cha Goma, OVG. Yalikuwa maendeleo makubwa, ila yalikuwa na bili. Msaada wa Benki ya Dunia ulipokwisha mwaka 2020, fedha za intaneti zilikosekana, na kwa miezi kadhaa kituo hakikuweza kuufuatilia mlima mfululizo. Mawasiliano yalirejea Aprili 2021. Tarehe 22 Mei, Jumamosi jioni, Nyiragongo ulipasuka tena.

Safari hii lava ilisimama pembezoni mwa mji, upande wa Buhene, lakini ardhi iliendelea kutikisika, na vipimo vilionyesha uji wa mawe ukipenya chini ya mji na chini ya ziwa. Kabla ya jua la tarehe 27 Mei, gavana wa kijeshi Constant Ndima alitaja kartie 10 za kuhamwa mara moja, Majengo ikiwa mojawapo. Watu walifunga magodoro, wakashika njia ya Sake, ya Rutshuru, ya Gisenyi, wengine wakapanda meli kwenda Bukavu.

Data za siku hizo nazo zilisomwa upya. Matokeo yalitoka katika jarida la Nature mwaka 2022, na ni machungu kuliko ya 2002: hata vyombo vyote vikiwa macho, ishara ya wazi ya mlipuko ilionekana chini ya saa moja kabla.