Kirumi, Kiroma au Tao la Duara?

Fundi wa Tunduma anayejenga kanisa la tofali za kuchoma hana haja ya neno "tao", yaani upinde wa mawe au tofali unaobeba ukuta juu ya uwazi. Akifika juu ya mlango anafunga mbao, anasuka nondo, anamwaga zege, na lenta inabeba ukuta. Anapandisha kozi chache, kisha kenchi na bati. Lenta ndiyo iliyoliua tao huku bara, na neno lenyewe likafuata. Ndiyo maana mwalimu wa Vwawa akitaka kuwaeleza wanafunzi wake makanisa ya mawe ya Ulaya ya karne ya 11 na ya 12, yaliyojengwa kwa matao, tarehe hazimsumbui. Kinachomkwamisha ni jina.

Jina wanalotumia Wazungu ni la juzi tu. Mnamo 1818 Mfaransa Charles de Gerville alipendekeza mtindo huo uitwe "roman", na hoja yake ilikuwa ya mpenda lugha: kama Kifaransa kilivyozaliwa na Kilatini kilichochakaa vinywani mwa watu, ndivyo majengo hayo yalivyozaliwa na ujenzi wa Warumi uliochakaa. Waliojenga wenyewe hawakuwahi kulisikia.

Tukilihamisha kwetu linaleta matata. Ukisema "kanisa la Kirumi", msomaji anamfikiria Kaisari. Ukisema "la Kiroma", mtu wa Tunduma atakuelekeza parokiani, kwa kuwa huku Roma ni dhehebu. Tungeweza kulikopa zima, tukaandika "Kiromaneski", lakini nani ataona chochote akilisikia? Wasanifu wa Kijerumani wa karne ya 19, akiwemo Heinrich Hübsch, walikuwa na neno lililotaja tao la duara lenyewe. Mimi niko upande wao.

Tao la duara ndilo linaloeleza kila kitu. Uzito unaoliangukia haushuki wima tu, bali husukuma pia pembeni, na ukuta mwembamba utapasuka. Kwa hiyo kuta zikawa nene, madirisha madogo, nguzo fupi na nono. Mchongaji naye akapata nafasi zake palepale: kwenye kichwa cha nguzo, uzito unapotua, na juu ya mlango, katika nusu duara iliyo kati ya kizingiti cha juu na tao. Nafasi hiyo ningeiita "uso wa tao". Huko Autun, Ufaransa, uso wa namna hiyo umechongwa Hukumu ya Mwisho, karibu mwaka 1130, na chini ya miguu ya Kristo limeandikwa jina Gislebertus. Wataalamu bado wanabishana kama huyo ndiye aliyeshika patasi au ndiye aliyetoa fedha.

Miaka ishirini na kitu kabla ya kazi hiyo ya Autun, wachongaji wa pwani yetu walikuwa kazini. Mihrabu ya msikiti wa Kizimkazi Dimbani, Unguja, ina maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kikufi yenye mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Wao walichonga matumbawe, ambayo yakitoka baharini ni laini na yakikaa hewani hugangamaa. Watu wanaochonga jiwe hawakosi maneno ya kulisemea. Kamusi za zamani zina kitenzi "kuaka", kujenga kwa mawe na chokaa, tofauti na kujenga kwa miti na udongo. Kitenzi kimesahaulika, ila mtoto wake yuko hai hadi huku Tunduma: fundi yuleyule wa lenta anaitwa mwashi, na vyuo vya ufundi vya VETA vinafundisha uashi. Pamoja naye wapo mwimo, kizingiti, kuba na nakshi, wote wazima.

Anayetaka kuuona mtindo huu bila pasipoti aende Mji Mkongwe, Unguja, kwenye kanisa la Mtakatifu Yosefu, ambalo wenyeji huliita Minara Miwili. Si la kale. Mapadri wa Kifaransa walilijenga miaka ya 1890 kwa kuiga. Lakini matao yake yanafundisha vizuri kuliko picha.

Nawaomba waandishi wa vitabu vya historia: andikeni "mtindo wa tao la duara", "kichwa cha nguzo", "uso wa tao". Kirumi waachieni Warumi.