Tope, Kanzu Nyeupe na Kura Tatu

Natumaini darasa limetulia karibu na redio, na mwalimu ana chaki mkononi. Leo tutazame jinsi hotuba moja ilivyogeuza mawazo ya watu.

Mwezi wa Januari 1958 chama cha TANU kilikutana Tabora. Serikali ya Kiingereza ilikuwa imetangaza uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, lakini kwa sharti: kila mpiga kura achague watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Tena haki ya kupiga kura ilitegemea kipato, elimu au cheo, hivyo wakulima wengi wasiojua kusoma waliachwa nje. Wajumbe wengi walifika Tabora na neno moja: tususie. Nao hawakuwa wajinga. Kuwapanga watu kwa rangi hata ndani ya sanduku la kura ni dharau, na neno “kususia” huwasha moyo upesi.

Julius Nyerere alitaka chama kiingie katika uchaguzi. Angeweza kusoma vifungu vya sheria, watu wakasinzia. Inasimuliwa kwamba aliwauliza habari za mtu aliyevaa kanzu nyeupe, ana shamba lililoiva, na njiani pana tope. Je, abaki nyumbani na usafi wake, au achafuke apate mavuno?

Angalieni ufundi huo. Hakulisifu lile sharti. Alilifananisha na tope. Basi wenye hasira wangempinga kwa lipi hapo? Tena aliuliza, hakuamuru. Jibu walilitoa wao, na mtu hulipenda jibu lake kuliko la mwenziwe.

Lakini ngojeni kidogo. Mfano si ushahidi. Tope tumeliona, nani ameonyesha kwamba mavuno yapo? Hoja yenyewe ilikuwa hii: TANU ikikaa nje, viti vingechukuliwa na chama cha UTP, kilichopendwa na Gavana Twining, nacho kingesema Barazani kwa jina la nchi nzima. Hoja hiyo yaweza kupimwa. Mfano wa tope ulifungua masikio tu.

Wajumbe 37 walikubali, 23 walikataa. Zuberi Mtemvu alitoka akaanzisha chama chake. Uchaguzi ulifanywa Septemba 1958 na Februari 1959, na wagombea walioungwa mkono na TANU wakashinda, Waasia na Wazungu pia, kama Amir Jamal na Derek Bryceson. Maana kila mfuasi wa TANU alikuwa na kura tatu, si moja! Sharti likawageukia walioliweka.

Mkutano ule huitwa Uamuzi wa Busara. Jina hilo nalo lina kazi yake: ukiliitikia, umekwisha kukubali kwamba wale 23 walikosa busara. Sasa mwalimu aligawe darasa pande mbili. Upande mmoja uwasemee wale 37, wa pili uwasemee wale 23, na asiwepo wa kutaja tope.