Dakika Tatu pale Ngong Road

Kabla ya 2010, mwanafunzi wa kompyuta jijini Nairobi hakuwa na wa kumnadia wazo lake. Alikuwa na msimamizi. Mradi wa mwaka wa nne uliandikwa sura kwa sura, ukafungwa kwa jalada gumu lenye maandishi ya dhahabu, ukatetewa mbele ya walimu waliotoka tu kula chakula cha mchana, kisha ukapelekwa maktaba. Programu yenyewe ilibaki kwenye CD iliyobandikwa ndani ya jalada la nyuma. Tangu niwe mwalimu nimezifungua nyingi. Utakuta mfumo wa kusimamia maktaba, mfumo wa hospitali, mfumo wa mishahara, na tena mfumo wa kusimamia maktaba.

Programu za watu kuongea wao kwa wao ni haba, na si ajabu. Hadi katikati ya 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kufika kwenye intaneti ya dunia, na saiba tulilipa kwa dakika. Nani angekaa kupiga soga huku saa inamla? Julai 2009 kebo ya SEACOM ikawashwa, na ile ya TEAMS kutoka Fujairah nayo ilikuwa imeshafika Mombasa. Machi 2010 Erik Hersman na wenzake wakafungua iHub, ukumbi wa watu wa teknolojia, katika jengo la Bishop Magua, Ngong Road, kwa msaada wa Omidyar Network na Hivos. Kulikuwa na meza, kahawa, na intaneti isiyokatika. Sisi wa vyuoni tulifuata intaneti kwanza. Mengine tuliyakuta huko.

Mojawapo ya tuliyokuta ni kunadi. Unapewa dakika tatu, slaidi chache, na majaji ambao hawajawahi kukuona. Kundi letu la wanne lilikuwa na tovuti ya hosteli: anayehama auze godoro na meko, anayetafuta wa kuchangia naye chumba ampate, na wote wawe na mahali pa kuulizana kama maji yamerudi. Mipango ilikaa ukutani kwenye karatasi za manila: jedwali la watumiaji, la ujumbe, la urafiki. Hilo la urafiki lilitukosesha usingizi. Achieng akimkubali Otieno, unaandika mstari mmoja katika hifadhidata ya MySQL au miwili, mmoja kwa kila upande? Ukiandika mmoja unaokoa nafasi, lakini kila swali la “nani rafiki yangu” lazima litafute safuwima zote mbili. Tuliandika miwili. Hata leo ningeandika miwili.

Hakuna jaji aliyeuliza habari za mistari. Waliuliza pesa itatoka wapi, soko ni kubwa kiasi gani, na kwa nini mtu asitumie Facebook, ambayo tayari ilikuwa ikisomeka kwa Kiswahili tangu Juni 2009. Kengele ikalia katikati ya jibu la tatu. Seva, tovuti na watumiaji wake wote wa kubuni vilikuwa ndani ya laptopu moja. Tukaifunga tukaondoka nayo.

Novemba 2010 M-Farm ilishinda IPO48, shindano la saa 48, ikapata takriban shilingi milioni moja. Jamila Abass, Susan Oguya na Linda Kwamboka walikuwa na jambo linaloenea katika sentensi moja: mkulima atume ujumbe mfupi, ajue bei ya sokoni kabla dalali hajamdanganya. Walistahili. Lakini tangu hapo kila mwanafunzi niliyemjua alitafuta mkulima wake. Mwaka 2011 Pivot 25 ikakusanya timu 25 za Afrika Mashariki, na vijana wa mjini wasiojua jembe wakawa wanazungumzia mbolea kwa ufasaha wa kutisha.

Tovuti ya kijamii haitoshei katika dakika hizo tatu. Thamani yake ni mazoea ya watu, na mazoea hayo bado hayapo siku unayosimama mbele ya majaji. Mwaka 2005 Steve Huffman na Alexis Ohanian, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Virginia, walimnadia mwekezaji Paul Graham programu ya kuagiza chakula kwa simu. Wakakataliwa. Wakiwa kwenye treni ya kurudi, Graham akawapigia: njooni, lakini mjenge kitu kingine. Hicho kingine kikawa Reddit, na miezi ya kwanza waliijaza wenyewe kwa majina ya kubuni, kama sisi na laptopu yetu.

Hapa kwetu kuna Ushahidi. Januari 2008, nchi ikiwaka moto baada ya uchaguzi, Ory Okolloh aliandika mtandaoni akiomba wenye ujuzi watengeneze ramani ya yanayotokea. David Kobia, aliyefunga jukwaa lake la majadiliano la Mashada mwezi huohuo kwa sababu ya matusi ya kikabila, alikuwa mmoja wa walioijenga pamoja na Hersman, na kwa siku chache ikawa hewani. Hakukuwa na slaidi wala jaji. Na hao ndio watu ambao baadaye walitufungulia ukumbi wa kunadi pale Ngong Road!

Mark Zuckerberg wa Facebook alipofika iHub Septemba 2016, alikula samaki katika mgahawa wa Mama Oliech, na nchi ikazungumzia samaki kwa wiki nzima. Mwaka uliofuata iHub ikahama Bishop Magua, na 2019 ikanunuliwa na CcHUB ya Nigeria.

Wanafunzi wangu bado huniletea mipango ya mitandao ya kijamii, siku hizi yenye slaidi nadhifu kuliko zetu. Huwa naziweka kando, naomba waniandikie ujumbe wote uliopita wiki iliyopita katika kundi lao la WhatsApp la hosteli, majina yakiwa yamefutwa: anayeuza meko, anayeuliza maji, anayedai deni. Tukishapanga ujumbe huo kwa aina, ndipo tunaanza kuchora majedwali.