Madubwana ya Chini ya Barafu

Mary Shelley alipochapisha Frankenstein mwaka 1818, hakuna binadamu aliyekuwa amefika ncha yoyote ya dunia. Hivyo kiumbe wake alikimbilia kwenye barafu ya kaskazini, mahali ambapo ramani ilikuwa tupu. Dubwana la wakati huo lilikaa juu ya barafu, mbali tu na macho ya watu.

Tarehe 14 Desemba 1911 Roald Amundsen alifika Ncha ya Kusini, na maficho ya juu yakaanza kwisha. Waandishi wakayashusha madubwana chini. Katika riwaya ya H. P. Lovecraft iliyochapishwa mwaka 1936, wachunguzi wenye ndege na mtambo wa kuchoronga wanatoboa pango Antaktika na kukuta viumbe wa kale. Miaka miwili baadaye John W. Campbell akaandika hadithi iliyozaa nyingine nyingi: watu kambini wanaibua kiumbe aliyeganda kwa muda usiohesabika, wanamwacha ayeyuke, kumbe ana uwezo wa kujigeuza yeyote kati yao. Filamu ya mwaka 1951 iliihamishia hadithi hiyo kaskazini na kuuondoa uwezo huo. John Carpenter aliurudisha mwaka 1982 katika The Thing, na kwangu hicho ndicho kilele cha aina hii yote. Baridi imewafungia wanaume wale pamoja, hakuna njia ya kutoka, na kila mmoja anamchunguza mwenzake kama huyo bado ni mtu.

Mwaka 1953 sinema ya Marekani iliamsha mnyama wa kale kwa bomu la atomu huko Aktiki. Godzilla wa Japani akafuata mwaka 1954. Kisha zikaja riwaya za mapambano. Katika Ice Hunt ya James Rollins, ya mwaka 2003, Wamarekani na Warusi wanapigania kituo kilichotelekezwa ndani ya barafu huku wanyama wawindaji wakiamka. Zinasomeka kwa pumzi moja, ila mara nyingi mlio wa bunduki unaimeza hofu.

Dan Simmons, katika The Terror ya mwaka 2007, alichagua mkasa wa kweli. Mvumbuzi John Franklin aliondoka Uingereza mwaka 1845 kwenda Aktiki kwa merikebu mbili, Erebus na Terror. Yeye na wenzake 128 waliangamia. Simmons aliongeza dubwana linalowawinda. Lakini historia yenyewe inatisha kuliko dubwana hilo. Mwaka 1854 mvumbuzi John Rae alileta habari kutoka kwa Wainuit, wenyeji wa huko, kwamba mabaharia wa mwisho, kwa njaa, walikula maiti za wenzao. Charles Dickens aliwashambulia Wainuit hao gazetini kama washenzi wasioaminika. Baadaye mifupa yenye alama za visu ilithibitisha maneno yao, na Erebus ikapatikana mwaka 2014 katika eneo ambalo masimulizi yao yalikuwa yakilitaja tangu zamani. Watu walioijua barafu ile walidharauliwa kwa zaidi ya karne moja.

Wanasayansi nao wamechoronga. Mwaka 2013 walipenya mita 800 hivi za barafu hadi Ziwa Whillans, Antaktika, wakakuta vijidudu hai. Na mwaka 2016, wakati wa joto kali katika rasi ya Yamal, Siberia, kimeta kililipuka. Inadhaniwa kilitoka kwenye ardhi iliyokuwa imeganda. Kiliua zaidi ya kulungu 2,000 wanaofugwa na Wanenet, wenyeji wa rasi hiyo, pamoja na mtoto mmoja. Chanjo ya mifugo hiyo ilikuwa imesitishwa mwaka 2007.