Macho Mekundu: Pale Uzee Unapogeuka Hatari

Hebu fikiria uko kwenye daladala, umepandia Pasiansi unaelekea mjini. Mbele yako kuna kijana wa miaka 22, pembeni yake bibi wa miaka 70. Ukiulizwa nani kati yao yuko kwenye hatari zaidi ya kuuawa, utamtaja nani?

Kwa takwimu za dunia, utasema kijana, na hujakosea. Wanaouawa kwa wingi ni wanaume wa miaka 15 hadi 29, hasa Amerika ya Kusini. Umri ukipanda, hatari hushuka. Yaani uzee ni kinga.

Sasa njoo Usukumani. Takwimu alizozichambua mtafiti Simeon Mesaki zinaonyesha kuwa kati ya 1970 na 1984, zaidi ya watu 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Zaidi ya nusu yao waliuawa huku kwetu, na wengi walikuwa wanawake. Macho yaliyokuwa mekundu kwa miaka mingi ya moshi wa jikoni yaligeuzwa ushahidi.

Serikali haikukaa kimya, lakini msako wa miaka ile, Mwanza na Shinyanga, uliishia kwa baadhi ya watuhumiwa kufia mahabusu. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu.

Je, tatizo ni imani tu? Mwanauchumi Edward Miguel alichunguza vijiji vya Meatu na kuchapisha matokeo mwaka 2005. Miaka ya ukame au mafuriko, mauaji ya "wachawi" yaliongezeka karibu maradufu. Mauaji mengine hayakuongezeka hivyo. Waliouawa kwa kawaida ni wanawake wazee, na mara nyingi muuaji ni ndugu. Imani ile ile ilikuwepo hata miaka ya mvua nzuri. Kilichobadilika ni ghala la chakula.

Ndiyo maana pensheni nayo ni suala la usalama. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi. Bibi anayeleta unga nyumbani si rahisi kuonekana mzigo.

Kwa hiyo umri peke yake hausemi nani yuko hatarini. Uliza pia nyumba ina nini, na njaa ikiingia, nani ataanza kunyooshewa kidole. Na ukikutana na bibi mwenye macho mekundu, kumbuka: amepika sana.